Pikapu ya Milimani: Namna ya Kuitayarisha kwa Njia za Mawe na kwa Kukokota Tela

Mkulima wa Upare ajua kwamba mazao yakiisha kuvunwa, kazi imefika nusu tu. Tangawizi ya Mamba Miamba, ndizi na maharagwe ya vijiji vya juu, vyote hivyo bei yake iko chini, katika soko la Same na kandokando ya barabara kuu iendayo Moshi na Tanga. Ndivyo ilivyokuwa tangu reli ya kutoka Tanga ilipopita chini ya milima hii kabla ya Vita ya 1914, stesheni zikajengwa tambarare, Same na Makanya zikiwamo, na mzigo wa Mpare ukawa mzigo wa kushuka. Mji wa Same uko kiasi cha mita 900 juu ya bahari, na kilele cha Shengena kina mita 2,462. Baina ya hapo ndipo zilipo njia zetu, zenye mawe, kona kali na makorongo.

Siku hizi wakulima wengi, mmoja mmoja au kwa vikundi, hukusanya fedha zao wakanunua pikapu iliyokwisha tumika. Hilo ni jambo jema. Lakini fedha za mavuno ya miaka mingi zaweza kupotea katika mteremko mmoja, na pengine roho za watu pamoja nazo. Kwa hiyo, ndugu mkulima, yafaa ujue gari lako litengenezwe nini kwanza, na nini liachwe.

Anza na matairi, maana ndiyo yagusayo jiwe. Tairi la gari dogo la mjini lina ubavu mwembamba, na jiwe lenye ncha hulipasua ubavuni, mahali pasipozibika. Nunua tairi la mzigo. Pikapu nyingi za Land Cruiser hutumia saizi ya 7.50R16, nayo yafaa sana kwa kazi hii. Nyingine utazame maandishi yake ubavuni, uchague lile lililoandikwa kuwa la nyuzi nane au kumi. Usidanganyike na vijana wapendao matairi makubwa kupita kiasi. Tairi kubwa hufanya gia kuwa nzito, breki kuwa hafifu, na hugusa mabati ya gari ukata kona. Nami nasema hivyo hivyo juu ya kuinua gari kwa vyuma virefu: gari lililoinuliwa sana hupendeza barazani, lakini katika njia iliyolalia upande mmoja, na magunia yamepangwa juu, hilo ndilo la kwanza kupinduka. Kuinua kidogo kwa springi nzuri kwatosha.

Upepo wa matairi nao una elimu yake. Mlangoni mwa dereva mna kibandiko kinachoonyesha kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Gari likiwa tupu, na njia ni ya mawe matupu, waweza kupunguza upepo kiasi cha robo. Tairi likalainika, likalishika jiwe badala ya kulirukia, na gari halitikisiki sana. Lakini gari likiwa na mzigo usithubutu kupunguza tairi za nyuma, kwa maana ubavu utajikunja, utapata moto, na mwisho utapasuka. Tena ukifika barabara ya lami yakupasa kujaza upepo kabla ya kwenda mbio. Basi pima kwa kipimo, usipime kwa kupiga teke, na pampu iwe yako mwenyewe garini.

Baada ya tairi, springi. Pikapu hubebwa nyuma na majani ya chuma yaliyopangwa. Wenye magari wengi, wakiona gari limekaa chini, humwambia fundi aongeze majani mawili matatu, kisha huhesabu kwamba sasa gari laweza kubeba zaidi. Hiyo ni hesabu ya uongo. Jani la springi halikuongeza nguvu ya chesisi, wala ekseli, wala breki. Limeficha tu dalili ya kuzidiwa. Ongeza jani moja ikiwa yale ya zamani yamechoka, na shokapu zibadilishwe zote mbili za upande mmoja wa gari, mbele au nyuma, kwa pamoja. Kila mwezi lala chini ya gari utazame nati za springi na nyufa za chesisi, hasa nyuma ya chumba cha dereva, ambapo ndipo pikapu iliyozidiwa hupinda.

Ukiwa umelala hapo chini, tazama pia kilichoning'inia. Sampu ya oili jiwe moja laweza kuitoboa, na injini isiyo na oili hufa kwa dakika chache. Bati nene la chuma lililofungwa kwa bolti chini ya injini ni kinga bora kuliko bampa kubwa za mabomba ambazo watu huzifunga mbele kwa fahari. Bampa hizo zina uzito, na kila kilo ya chuma uliyofunga ni kilo ya tangawizi uliyoiacha shambani.

Sasa nguvu. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Usishangae basi gari lililokwenda vizuri Hedaru likiona uchovu Mbaga. Dawa yake si kukanyaga mafuta, bali ni gia. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba gari huendeshwa kwa magurudumu yote manne na kwamba ile gia ndogo ya transfa inaingia kweli. Katika pikapu za zamani vitovu vya magurudumu ya mbele hufungwa kwa mkono. Vifunge ukiwa bado chini, kabla ya matope, si baada ya kukwama. Ukirudi kwenye lami ondoa gari katika magurudumu manne, maana katika magari ya namna hii ekseli mbili zikilazimishwa kuzunguka sawasawa juu ya ardhi ngumu hujifunga zenyewe na kuvunja vyuma.

Katika kuteremka ndipo watu wanapokufa. Sheria ya zamani ya madereva ni kwamba gia uliyopandia ndiyo uishukie, nami naipenda sheria hiyo. Injini ikilizuia gari, breki hupumzika. Breki zikishikwa kilomita nzima hupata moto, maji ya breki huchemka, na mguu huzama bila kitu kuzuiwa. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa tambarare, weka kabari za mti nyuma na mbele ya magurudumu, ungoje. Usimwage maji juu ya breki zenye moto, kwa maana chuma kitapasuka. Na watu wasikae juu ya magunia. Najua ya kwamba mama aliyeuza ndizi zake hataki kurudi kwa miguu; lakini mtu aliye juu ya mzigo ni wa kwanza kurushwa, na mzigo humwangukia.

Tuje kwenye tela, ambalo wengi huniuliza. Tuhesabu pamoja. Tuseme pikapu yako imeruhusiwa kubeba kilo 1,000, watu wakiwamo. Dereva na utingo wana kilo 150. Zimebaki 850, yaani magunia manane ya kilo 100. Sasa ufunge tela lisilo na breki. Pikapu nyingi haziruhusiwi kukokota tela la namna hiyo likizidi kilo 750. Tuseme tela pamoja na mzigo lina kilo 700. Tela lenyewe tupu lina kilo 250, basi labeba magunia manne, na salio dogo. Lakini ulimi wa tela wapaswa kuikandamiza ndoano kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ndizo kilo 70, na kilo hizo zahesabiwa katika mzigo wa pikapu. Zimebaki 780, magunia saba. Jumla ni magunia kumi na moja badala ya manane. Faida ya tela ni magunia matatu tu.

Je, kwa magunia matatu ukokote tela katika kona za mlimani, lisukume gari lako kwa nyuma kila unaposhuka? Mimi naona hapana. Tela liache chini, mahali pa salama, tuseme Maore au Kisiwani. Pikapu ishuke mara ya kwanza na mzigo wake, ijaze tela. Ishuke mara ya pili na mzigo wake mwenyewe. Kisha lifungwe kwa safari ya tambarare hadi Same. Kikundi chenye mazao mengi kinunue tela lenye breki zake, ambalo laweza kubeba zaidi sana, lakini nalo lisizidi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Katika kupakia tela, mzigo mzito uwe mbele kidogo ya ekseli, usirundikwe nyuma. Tela lililolemewa nyuma huinua mkia wa pikapu, kisha huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likianza, ondoa mguu katika mafuta polepole, shika usukani sawa, wala usikate huku na huku. Ndoano ifungwe kwenye chesisi kwa bolti nene. Isichomelewe kwenye bampa. Tena pawe na mnyororo wa akiba uliopita chini ya ulimi kwa mfano wa msalaba, ili ulimi ukichomoka udakwe kabla haujachimba ardhi.

Gari likikwama, usimvute mwenzako kwa lile tufe la chuma linaloshika tela. Tufe hilo likikatika huruka kama risasi, nalo limeua watu katika nchi nyingi. Tumia kulabu au shakeli iliyofungwa kwenye chesisi, tandika gunia au koti zito katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba hiyo. Winchi ya umeme ni nzuri, ila bei yake ni kubwa na betri huisha upesi. Mkulima atosheke na winchi ya mkono, mnyororo mrefu, jeki yenye kitako kipana cha ubao, koleo na panga.

Nimesema habari za gari, lakini gari ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni njia. Wazee wetu walijenga ndiva za kuhifadhi maji na mifereji yake kwa msaragambo, wakaelewa vema kwamba maji yasiyoongozwa hujiongoza yenyewe. Njia ya mlimani huharibiwa na maji kuliko magurudumu. Mfereji wa upande wa juu ukisafishwa kabla ya vuli na tena kabla ya masika, na maji yakikatishwa njia kila baada ya hatua chache mahali penye mwinuko mkali, njia hiyo itadumu. Barabara nyingi za vijiji zi chini ya TARURA tangu 2017, lakini mfereji ulioziba usiku wa leo hautangoji barua. Siku moja ya msaragambo yaweza kuokoa springi za magari ya kijiji kizima.

Nayo mvua iheshimiwe. Novemba 2009 mlima uliporomoka huko Mamba Miamba ukaua watu zaidi ya ishirini. Baada ya mvua ya usiku kucha usishuke alfajiri kwa kuwahi soko. Mtangulize mtu kwa miguu, atazame kama ukingo wa njia umepasuka. Huku chini pia, katika barabara ya Kisiwani kwenda Ndungu, makorongo hujaa ghafula hali jua lawaka, kwa kuwa mvua imenyesha juu. Maji yakiwa mekundu na yaenda kasi, ngoja. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache. Yakitulia, mtu apime kwa fimbo akishikwa kwa kamba. Yakizidi goti usivuke. Ukivuka, nenda polepole kwa gia ndogo bila kubadilisha, na ukifika ng'ambo kanyaga breki mara kadhaa hali gari lakwenda, ili zikauke. Siku hiyo hiyo fungua kizibo cha difu utazame oili: ikiwa imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage uweke nyingine kabla gari halijapanda tena.