Je, Wajua? Jina la Babu Halizeeki

Kutoka Ng'ombeni na Waa hadi Msambweni, jina la mtoto ni shauri la ukoo mzima. Leo tunayafuata majina ya Kwale na pwani yetu, na njiani tunachungulia Ulaya ya kaskazini, ambako babu na nyanya nao wana sauti kubwa katika jambo hili. Soma, kisha uende kwa wazee wako na maswali.

Je, wajua kwamba kwa Waislamu ni sunna mtoto apewe jina siku ya saba? Siku hiyo hufanywa akika: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana. Nywele za mtoto hunyolewa, na sadaka hutolewa ya fedha yenye uzito sawa na nywele hizo.

Je, wajua kwamba miongoni mwa Wamijikenda, wakiwemo Wadigo na Waduruma wa Kwale, jina la mtoto aghalabu hutoka kwa babu au nyanya? Ndiyo maana jina hupanda na kushuka vizazi bila kupotea. Juma akimzaa Ali, Ali naye akimzaa Juma, ukoo unabaki na majina yale yale hata miaka mia moja. Tazama jina la Boy Juma Boy, aliyekuwa mbunge wa Matuga na kisha seneta wa kwanza wa Kwale mwaka 2013. Ni Boy, mwana wa Juma, mjukuu wa Boy. Baba yake, Juma Boy, ndiye yule kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa Katibu Mkuu wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Kenya.

Je, wajua kwamba wakulima wa Norwe na Denmaki walikuwa na kanuni hiyo hiyo? Mwana wa kwanza wa kiume aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Kumruka babu ilikuwa ni kumvunjia heshima mbele ya kijiji.

Je, wajua kwa nini mama wa pwani humwita mwanawe mchanga "Baba"? Mtoto huyo ni wajina wa mkwewe, na jina la mkwe halitamkwi ovyo, seuze kukaripiwa. Kwa hiyo mama huita "Baba, njoo ule," na heshima ya mzee inabaki mahali pake hata mtoto anapofanya utundu.

Je, wajua kwamba ukiwaita Bakari, Omari, Athumani na Ali waje kucheza, umewaita makhalifa wanne kwa mpangilio wao? Abubakar, Umar, Uthman na Ali ndio waliomfuata Mtume kuongoza Waislamu. Ndimi za pwani zimeyalainisha majina hayo mpaka mgeni hayatambui.

Je, wajua kwamba darasa moja la Waa linaweza kuwa kalenda nzima? Juma na Mwanajuma wa Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi wa Alhamisi, Rajabu, Shaabani na Ramadhani wa miezi yao, Mwanaidi wa sikukuu. Kwa jirani zetu Wagiriama yuko Jumwa, msichana aliyezaliwa siku ya jumwa, siku ya mapumziko katika juma la jadi la Wamijikenda, lenye siku 4.

Je, wajua kwamba majina mengine ni kumbukumbu za hali ya nchi? Mwanamvua alikuja na mvua, Masika na msimu wake, Chausiku usiku. Kwa Wamijikenda, Nzala ni mtoto wa wakati wa njaa, na Charo amezaliwa watu wakiwa safarini. Mahali ambapo hapakuwa na cheti wala daftari, umri wa mtu ulihesabiwa hivyo: alizaliwa njaa ipi, mvua ipi.

Je, wajua kwamba Mashaka, Tabu na Shida hayakuwa majina ya kumchukia mtoto? Mara nyingi yalisimulia aliyoyapitia mama. Wazazi waliokwisha kuzika watoto walimpa anayefuata jina la kujishusha, ili jicho baya limpite na mauti yasimwone wa maana. Jina duni lilikuwa kinga, na ndani yake mlikuwa na mapenzi makubwa.

Je, wajua kwamba "Mwana" mwanzoni mwa jina la mwanamke ilikuwa heshima ya bibi mkubwa? Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa kale wa mji huo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake maarufu kwa ajili ya binti yake mwaka 1858. Kila Mwanaisha na Mwanakombo wa Tiwi anarithi cheo hicho.

Je, wajua kwamba "Mwa" ni jambo jingine? Hilo humfunga mtu na ukoo wake. Ndilo lililo katika Mwakwere, jina la Ali Chirau Mwakwere aliyekuwa mbunge wa Matuga, na katika Mwamzandi, jina la Kassim Mwamzandi aliyekuwa mbunge wa Msambweni. Wataita nao wanalo: Mwadime, Mwakio, Mwamburi.

Je, wajua kwamba Siti binti Saad hakuzaliwa na jina hilo? Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alipopata sifa kwa sauti yake ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay, na sahani za santuri zikalieneza jina hilo jipya pwani yote. Wengi waliotoka utumwani katika miaka ile walijipa majina mapya kama njia ya kusimama wima mbele ya watu.

Je, wajua kwamba Frere Town ya Mombasa, iliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, iliacha majina ya Kiingereza katika koo nyingi za pwani? Waliobatizwa pale walipewa majina ya ubatizo kutoka Uingereza, na wajukuu wao wanayabeba hadi leo.

Je, wajua kwamba mtu wa Aislandi angeelewa kitambulisho cha Kwale bila kufafanuliwa? Kwetu, Ali Juma Bakari ni Ali mwana wa Juma mwana wa Bakari. Kwao pia jina la pili ni la baba, au la mama, likiongezwa "son" kwa mwana na "dóttir" kwa binti. Hawana haja ya jina la familia, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Wadenmaki waliishi hivyo mpaka amri ya mwaka 1828 ilipotaka jina la familia lisilobadilika. Norwe ililifanya jina la familia kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1923.

Je, wajua kwamba Kenya na Denmaki zimeweka muda sawa? Hapa kizazi husajiliwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye masharti zaidi. Denmaki nayo inataka mtoto awe na jina ndani ya miezi 6. Uswidi ni miezi 3. Tofauti ni kwamba Denmaki ina orodha ya majina yaliyoidhinishwa, na mzazi anayetaka jina lisilokuwemo hupeleka ombi. Aislandi ina kamati ya majina tangu mwaka 1991.

Je, wajua kwamba mwezi Mei 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kinakiuka Katiba? Kifungu hicho kilizuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ila kwa masharti magumu.

Je, wajua kwamba Wamakonde wa Kwale waliishi kwa miongo mingi bila vitambulisho? Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya na vitambulisho vikaanza kutolewa. Mzazi asiye na karatasi hupata taabu kumwandikisha mwanawe. Hapo ndipo unapoona thamani ya jina lililoandikwa.

Je, wajua kwamba jina la Mtume linavuma kaskazini? Takwimu za Norwe zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kuwa Mohammed ndilo jina lenye wanaume na wavulana wengi zaidi jijini Oslo. Katika Uingereza na Wales, Muhammad liliongoza majina ya wavulana waliozaliwa mwaka 2023, likalipiku Noah. Na Noah naye ni Nuhu.

Je, wajua kwamba majina ya zamani ya Norwe yamefufuka? Nora, Emma, Jakob na Oskar yalikuwa majina ya mabibi na mababu wa zama zilizopita, na sasa ni miongoni mwa yanayopendwa zaidi kwa watoto. Sababu inaeleweka. Jina la mama yako unalisikia kila siku; la nyanya yako linaonekana la kizee; la mama yake nyanya yako hulijui, kwa hiyo linakujia kama jipya. Lakini halirudi kwa bahati tu. Takwimu za majina za Norwe zinarudi nyuma hadi mwaka 1880, kwa hiyo kijana wa leo anaweza kuliona jina alilokuwa nalo mzee wa mzee wake.

Je, wajua kwamba sisi pia tuna maandishi ya kuanzia? Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za Waswahili katika kitabu kilichotoka mwaka 1903. Sharifa Zawawi alitoa kitabu cha majina ya Kiswahili mwaka 1993. Ya Waa, ya Tiwi, ya Kinondo na ya Msambweni bado yamo vifuani mwa wazee.

Siku hizi wazazi vijana wanapenda Rayyan na Aaliyah. Ni majina mazuri, na mtoto aitwe kwa mapenzi ya wazazi wake. Ila kabla ya kuchagua, keti na babu na nyanya ukiwa na daftari. Andika kila jina la ukoo, nani alilibeba, na kwa nini aliitwa hivyo. Jina likiruka vizazi viwili bila wajina, hakuna atakayekumbuka ni mvua ipi, njaa ipi wala safari ipi iliyolileta. Na ukimwita binti yako Mwanamvua mwaka huu, usiogope kuambiwa umepitwa na wakati. Kwa hesabu ya wale wa kaskazini, umewatangulia wenzako.