Fulana za kuzuia risasi: Kelele za aliyeshindwa zabuni zina faida

WASWAHILI husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwenye kandanda msemo huo ni sawa kabisa. Lakini tunapofika kwenye zabuni za vifaa vya jeshi, hasa fulana za kuzuia risasi, nadhani tuutumie kwa uangalifu. Mzabuni aliyeshindwa hulalamika kwa sababu ya fedha alizokosa, hilo halina ubishi. Hata hivyo, malalamiko yake yanaweza kumwokoa askari asiyemjua.

Mfano mzuri unatoka Marekani. Vita vya Iraq vilipoanza Machi 2003, jeshi la nchi hiyo halikuwa na fulana kamili za kutosha. Fulana ya namna hii ina sehemu mbili. Kitambaa chake kizito huzuia vipande vya mabomu na risasi za bastola. Risasi ya bunduki ya kivita huzuiwa na mabamba magumu ya kauri yanayochomekwa mbele na nyuma. Mabamba hayo ndiyo yaliyopungua, kiasi kwamba wazazi walichanga fedha kuwanunulia watoto wao waliokuwa vitani. Oktoba 2004 ilipitishwa sheria ya kuwarudishia gharama hizo, hadi dola 1,100 kwa kifaa kimoja. Hata Waingereza waliumia. Sajenti wao mmoja aliuawa Machi 2003 siku chache baada ya kuamriwa kuitoa fulana yake ili apewe mwenzake, kwa kuwa hazikutosha.

Katika hali hiyo ilijitokeza kampuni ya Pinnacle Armor ya Fresno, California, ikiwa na fulana iliyoitwa Dragon Skin, yaani ngozi ya joka. Badala ya bamba moja, ilikuwa na vipande vya duara vya kauri vilivyopandana kama magamba ya samaki. Kampuni ilisema fulana yake inakunjika na inafunika sehemu kubwa zaidi ya mwili.

Jeshi la nchi kavu halikukubali. Machi 2006 lilipiga marufuku askari kuvaa fulana walizojinunulia, na Mei mwaka huo likaijaribu Dragon Skin katika maabara moja ya Maryland. Kwa maelezo ya jeshi, kati ya risasi 48 zilizopigwa, 13 zilipenya. Joto kali lililegeza gundi na vipande vikahama mahali pake. Isitoshe, fulana ya saizi kubwa ilikuwa na zaidi ya kilo 21, wakati ile ya jeshi ilikuwa na karibu kilo 13.

Kampuni ikadai imeonewa. Mei 2007 televisheni ya NBC ikaonyesha majaribio yaliyofanyika Ujerumani, ambako Dragon Skin ilifanya vizuri kuliko fulana ya jeshi. Siku nne baadaye jeshi likaita waandishi wa habari na kuwaonyesha fulana zilizotobolewa. Juni 2007 pande zote mbili zikafika mbele ya Kamati ya Majeshi ya Baraza la Wawakilishi. Agosti mwaka huo taasisi ya Wizara ya Sheria inayopima fulana za polisi ikaiondolea Dragon Skin kibali chake. Mwaka 2010 kampuni ikaomba kinga ya mahakama kwa kuwa imefilisika.

Msomaji anaweza kusema, basi, mfa maji aliishia kutapatapa tu. La hasha. Kelele hizo, pamoja na nyingine zilizokuwapo, zilizaa swali zito: Je, walioshinda nao walipimwa kwa kipimo kilekile?

Jibu halikupendeza. Januari 2009 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi, baada ya ombi la mbunge Louise Slaughter, alitoa ripoti kwamba baadhi ya mabamba yaliyokwisha kununuliwa hayakujaribiwa ipasavyo. Waziri wa jeshi la nchi kavu, Pete Geren, alibisha kwamba mabamba yalikuwa na kasoro, lakini kwa tahadhari akaamuru seti zaidi ya 16,000 zirudishwe.

Haikuishia hapo. Kutokana na malumbano hayo, jeshi lilihamishia majaribio kwenye kituo chake lenyewe cha Aberdeen, Maryland. Oktoba 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ikatoa ripoti kuhusu majaribio hayo. Nyuma ya fulana inayopigwa risasi huwekwa udongo laini. Shimo linalobonyea humo huonyesha pigo ambalo kifua cha askari kingepata hata kama risasi haikupenya. Wakaguzi walikuta udongo huo uliachwa unyeshewe na mvua ya baridi, na kwamba kanuni za kutoa alama zilikiukwa. Walisema angalau miundo miwili iliyopasishwa ingefeli kama kanuni zingefuatwa. Wakapendekeza wataalamu huru wayapitie matokeo kabla askari hawajapewa mabamba hayo.

Sisi walimu tunalijua jambo hili. Mwanafunzi aliyefeli akiomba karatasi yake isahihishwe upya, mara nyingi hubaki na alama zilezile. Lakini ukifungua bahasha unaweza kukuta msahihishaji aliwagawia wengine alama za bure. Nami nililijua kwa njia nyingine. Niliporejea nyumbani na cheti nilichopata ukimbizini Kigoma, ofisi moja ilikikataa bila kuniandikia sababu. Ukinyimwa sababu huwezi kujitetea wala kujirekebisha, na aliyekukataa hawezi kukaguliwa.

Jambo hili linatuhusu pia sisi wa ukanda huu. Uganda ilianza kupeleka wanajeshi Somalia Machi 2007 na Burundi ikafuata Desemba. Askari wetu nao wana vifua vya nyama. Na tunajua manunuzi ya gizani huzaa nini. Mwaka 1998 Uganda ilinunua kutoka Belarus helikopta za kivita aina ya Mi-24 ambazo zilikutwa mbovu, hadi ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde.

Njia ya kati ipo. Nchini Marekani mzabuni aliyeshindwa anaweza kulalamika GAO, ambayo ina siku 100 za kuamua. Sheria ya manunuzi ya Kenya ya mwaka 2015 inampa mlalamikaji siku 14, na bodi ya rufaa siku 21. Sheria hiyohiyo inavitaka vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili za manunuzi, ya wazi na ya siri. Muda mfupi kama huo ni muhimu, maana yaliyotokea mwaka 2003 yanaonyesha kuwa kuchelewa nako kunaua.

Kwa maoni yangu, idadi ya fulana, mahali zinapokwenda na udhaifu wake vibaki siri. Lakini kanuni za majaribio zitangazwe mapema, wazabuni washuhudie risasi zikipigwa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Kampuni nayo isikimbilie televisheni kuwatia hofu kina mama wa askari kabla ya kupeleka vipimo vyake mbele ya waamuzi. Baada ya hapo, aliyeshindwa kwa haki akubali. Pale ambapo kipimo kilipindishwa, mabamba yarudishwe kabla hayajafika kifuani mwa mtoto wa mtu.