Chumba cha kontenere: tukipambe bila feza mingi na bila kutafuta maneno

Mu kampe mingi za upande wa Kolwezi, mutumishi mwenye anatumika mbali na jamaa yake hapewi nyumba ya matofali. Anapewa nafasi mu kontenere, nyumba ya chuma yenye kamyo inaleta, na siku kazi inaisha kamyo inaipeleka fasi ingine. Ile ya kawaida iko na metre 6 za urefu. Upana haufike metre 2 na nusu. Mule munaingia vitanda viwili, masanduku, buti na kofia za kazi. Batu wanasema: "Ni pa kulala tu." Siye ba sindika tunakataa. Kama mutu anafanya siku makumi mbili fasi moja, pale ni kwake, na kwake mutu anapapamba.

Hii haikuanza leo. Wazee wetu wa Union Minière, na kisha wa Gécamines, walipewa nyumba ndogo mu kampe, zote sura moja. Bamama ndio walizigeuza: vitambaa vya kushona na mukono juu ya viti, maua ku mulango, picha ku salo. Miaka ya 1970, mu Lubumbashi, picha ya mamba muntu ilikuwa ku salo za watumishi wengi. Tshibumba Kanda Matulu na wachoraji wenzake walichora juu ya magunia ya unga. Kwa vitu hivyo nyumba ya kampuni ilikuwa nyumba ya mutu.

Rido mbele ya yote. Kikwembe cha zamani kinatosha. Funga kamba toka pembe moja mpaka ingine, katikati ya vitanda viwili. Mwenye kutoka kazi ya usiku atalala muchana bila mwangaza kumupiga macho, na mwenzake atavaa bila haya. Kingine weka ku dirisha, juu jua la saa nane likiingia chuma kinakuwa moto sawa sufuria.

Rangi. Kama chef wa kampe anakubali, pakaeni nyeupe ao rangi ingine ya wazi: chumba kinaonekana kikubwa. Lakini manjanja ya juu, yenye inahitaji rangi nyeupe juu ya kurudisha jua, ile ni kazi ya mwajiri. Muiombe kwa barua, kupitia delege wenu.

Hapana kupiga musumari. Ukitoboa ukuta, mvua inapita na kutu inaanza, tena nyuma ya ukuta munaweza kuwa nyuzi za kuran. Tunajua watumishi wenye walikatwa ku mushahara juu ya tundu moja. Ku ukuta wa chuma tumia sumaku. Mu balafleri ya radio yenye imekufa muko moja nguvu. Kama ndani ni mbao ao plastike, tundika picha ku kamba na vibanio vya kuanikia nguo.

Picha za nyumbani. Foto ya bibi, kazi ya masomo ya mutoto, ubao mudogo wa shaba wa mafundi wa Lubumbashi. Mutie foto mu plastike: wakati wa mvua, pumzi ya watu wawili inageuka maji ku chuma. Juu ya hiyo tena, godoro lisiguse ukuta, na dirisha lifunguliwe kila asubui.

Jiwe la mugodi hapana. Malachite ni nzuri kwa macho, lakini ukikutwa na jiwe la carrière mu chumba wataita ni wizi. Na kuko mawe ya kwetu yenye iko na uranium kidogo ndani, usilale nayo. Buti na salopete za vumbi zibakie inje pia.

Moto. Kitambaa chochote kikae mbali na réchaud na prizi. Prizi moja isibebe réchaud, feri na telefone tano. Na mu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, hata kidogo musiingize mbabula mu kontenere. Makala inatoa hewa yenye haionekane wala haina harufu. Mu chumba kidogo chenye kufungwa, inaua watu mu usingizi.

Bamama wenye muko ku nyumba, mukituma mufuko, mutie na shuka moja ya rangi na kikwembe kimoja. Si kitu cha bei, lakini baba atajua fasi gani iko yake.

Sasa tusikilizane vizuri: rido haifanye kontenere mbaya kuwa nzuri. Code du travail ya 2002 inaomba mwajiri atoe nyumba yenye kufaa, ao indemnité, kwa mutumishi mwenye aliandikwa mbali na fasi ya kazi. Kama maji inaingia, kama dirisha haifunguke, kama vitanda ni vinne pa fasi ya viwili, musifunike na kikwembe. Mukamate foto, muandike tarehe na namba ya chumba, mupatie delege. Mufanye hiyo mbele ya mwezi wa 10, kabla mvua haijaanza. Barua moja ya kampe muzima inasikilika kupita malalamiko makumi tano ya mutu mumoja mumoja.