Asembla na Msimbo Lengwa: Kazi ya Programu kama Msingi wa Istilahi ya Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017. Katika mtaa wa Nyamirambo, jijini Kigali, kimezoeleka kibiashara na misikitini tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, masomo ya kompyuta nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Makala haya yanafafanua kazi ya asembla ili kuonyesha kwamba istilahi inayotafsiri neno bila kuzingatia kazi yake hupotosha maana.

Kazi ya Asembla

Asembla ni programu inayogeuza maagizo yaliyoandikwa kwa vifupisho kuwa tarakimu zinazotekelezwa na prosesa. Katika prosesa za x86, agizo mov eax, 5, yaani “weka 5 katika rejista eax”, huwa baiti tano: B8 05 00 00 00. Kwa kawaida, agizo moja la chanzo huzaa agizo moja la mashine. Asembla nyingi hupitia matini mara mbili: kwanza huorodhesha lebo na anwani zake, kisha huandika msimbo.

Kwa anayetumia NASM katika Linux, amri ni hii:

nasm -f elf64 salamu.asm -o salamu.o

Faili salamu.o bado haliwezi kuendeshwa. Likiita utaratibu uliomo katika faili jingine, asembla huacha wazi nafasi ya anwani na kuiwekea alama. Kiunganishi ndicho huijaza baadaye.

Athari kwa Istilahi

Vitenzi vya Kiingereza vilivyozaa majina asembla na kompaila vyote huweza kutafsiriwa “kukusanya”. Programu hizo zikiitwa “kikusanyi”, tofauti yake hufichika, kwani kompaila huweza kugeuza sentensi moja kuwa maagizo mengi. Vivyo hivyo, “msimbo kitu” ni tafsiri potofu: kinachorejelewa si kitu, bali zao la tafsiri, kinyume cha chanzo. “Msimbo lengwa” unafaa zaidi, mradi fasili ieleze kwamba unasubiri kuunganishwa.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba majina asembla na kompaila yakopwe, na kila kidahizo kitaje kinachoingia, kinachotoka na hatua inayofuata. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na watunga mitaala wa Rwanda wakiafikiana mapema kuhusu fasili hizo, mwanafunzi wa Nyamirambo hatalazimika kujifunza istilahi mbili zinazokinzana kwa dhana moja.