TALAKA TANZANIA BARA: KUREJESHA NG'OMBE SI HUKUMU YA MAHAKAMA

Kazi na biashara huwakutanisha watu wa Visiwani na wa Bara, na baadhi yao huoana. Ndoa hizo zinapoingia matatani, jambo la mwanzo la kufahamu ni kwamba pande hizi mbili za Muungano hazina sheria moja ya ndoa. Zanzibar, mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Sheria Na. 9 ya mwaka 2017. Bara, ndoa zote, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali au za kimila, husimamiwa na Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971.

Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ni mfano mzuri. Kwa mila ya Wakurya, mahari ni ng'ombe, na ndoa inapovunjika wazee wa pande mbili hukaa kuhesabu mifugo ya kurejeshwa. Kikao hicho kina heshima yake, lakini hakivunji ndoa mbele ya sheria. Mwanamke aliyerudishwa kwao bado ni mke wa ndoa mpaka mahakama iamue, na haki yake katika nyumba, shamba na mifugo waliyoichuma pamoja haiondoki na ng'ombe wa mahari. Hali kadhalika, Muislamu aliyeko Bara akitoa talaka, bado atapaswa kupita Barazani na mahakamani.

Anayekusudia kudai talaka ajitayarishe kama ifuatavyo:

(a) Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Shauri hupelekwa kwanza kwenye Baraza la kata au la jumuiya ya dini. Usuluhishi ukishindikana, Baraza hutoa hati. Bila ya hati hiyo mahakama haipokei madai, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, mfano mwenza aliyetoroka na hajulikani aliko. Mhusika aisome hati kabla ya kuondoka, kwani yenye kasoro yaweza kubatilisha kesi nzima baadaye.

(b) Muda. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka ila kwa ruhusa ya mahakama, kwa mwenye kuthibitisha dhiki isiyo ya kawaida.

(c) Ushahidi. Ziwekwe mahali salama cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za kiwanja na risiti. Kwa ndoa ya kimila, waorodheshwe mashahidi waliokuwapo mahari ilipotolewa. Aliyepigwa ahifadhi taarifa za polisi na za hospitali. Sheria haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Mke asiye na mshahara asidhani kuwa hana cha kudai. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Ama kuhusu wakili, si sharti kuwa naye. Shauri laweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mdai hujieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Anayetaka wakili ahakikishe mambo manne: kwanza, kuwa wakili ameandikishwa Bara na leseni yake ni hai, kwa kuwa daftari la mawakili wa Zanzibar ni jengine, pili, kuwa ana uzoefu wa mashauri ya ndoa, tatu, kuwa ada imeandikwa na kila malipo yana risiti, na nne, kuwa hana uhusiano wa kikazi na upande wa pili. Wakili anayeahidi ushindi kabla ya kuona hati aepukwe.

Asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kusaidiwa bila ya malipo, na ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri zaweza kumwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria.

Wananchi wanakumbushwa kwamba maelewano ya wazee ni mwanzo mwema, lakini mwisho wa ndoa Bara huandikwa na mahakama. Asiye na amri ya mahakama mkononi asihesabu kuwa ameachika.