Mboni Nyeupe Kwenye Picha ya Mtoto: Usiipuuze

Mzazi, fungua picha za mwanao zilizopigwa kwa flashi usiku, sebuleni au kwenye sherehe. Tazama mboni zake. Je, zote mbili zinang'aa rangi moja?

Mwanga wa flashi hupita kwenye mboni, hufika ukuta wa nyuma wa jicho, kisha huakisiwa na kurudi kwenye kamera. Ukuta huo una mishipa mingi ya damu, ndiyo maana mboni huonekana nyekundu. Kukiwa na kitu mbele yake, mwanga hurudi ukiwa mweupe au wa manjano, kama jicho la paka gizani.

Picha moja isikutie hofu. Hata jicho zima huweza kung'aa jeupe mtoto akitazama pembeni. Lakini weupe ukijirudia kwenye jicho lilelile, au mtoto akianza makengeza, mpeleke hospitali wiki hii. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata hata wachanga. Huenda pia ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikichelewa huweza kufika kwenye ubongo.

Kwa walio Dodoma, Hospitali ya Mvumi wilayani Chamwino inajulikana kwa huduma za macho, na jijini ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Usimtie mtoto dawa za kienyeji wala matone ya dukani, kwani tatizo liko ndani ya jicho. Nenda na simu yako, umwonyeshe daktari picha hizo.