Chancel Mbemba, kapiteni anayecheza popote anapowekwa

Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wa Léopards waliziba mdomo kwa mkono mmoja wakati wa wimbo wa taifa. Vidole viwili vya mkono wa pili waliviweka kichwani, mfano wa bastola. Siku zilezile mapigano yalikuwa yamefika kandokando ya Sake, na familia kutoka Masisi zilikuwa njiani kukimbilia Goma. Aliyevaa kitambaa cha kapiteni alikuwa Chancel Mbemba, mzaliwa wa Kinshasa.

Congo ilifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire. Lakini ishara ile ilizunguka dunia nzima, na kwa mtu wa Masisi au Walikale pengine ilikuwa na uzito kuliko kombe lenyewe.

Mbemba si mchezaji wa nafasi moja. Alitoka E.S. La Grâce ya Kinshasa, akaenda Anderlecht ya Ubelgiji akiwa bado kijana, na mwaka 2014 akawa bingwa wa nchi hiyo. Baadaye alipita Newcastle, Porto, Marseille na Lille. Amecheza beki wa kati, beki wa kulia, hata kiungo wa kukaba. Kwa kocha hiyo ni mali: mmoja akiumia, anamsogeza Mbemba tu, kazi inaendelea. Kwa mchezaji mwenyewe ni hasara kidogo, maana mtu wa kuziba mapengo husahaulika upesi na sifa huenda kwa washambuliaji.

Tarehe 1 Agosti 2020 hakusahaulika. Ilikuwa fainali ya Kombe la Ureno, Porto na Benfica, na Porto walibaki watu 10 tangu kipindi cha kwanza. Beki huyo ndiye aliyefunga magoli yote mawili ya Porto. Matokeo: 2-1. Alirudia kazi hiyo mbele ya Guinea kwenye robo fainali ya Kombe la Afrika 2024, akisawazisha kabla ya Congo kushinda 3-1.

Kisha ukaja msimu wa 2024-2025. Marseille walimweka pembeni, hakucheza hata mechi moja ya ligi. Kwa kawaida mchezaji wa miaka 30 asiyecheza kwenye klabu yake hupoteza na timu ya taifa. Kocha Sébastien Desabre aliendelea kumwita, na kitambaa kikabaki mkononi mwake.

Ni msimu huohuo M23 waliingia Masisi-Centre, mwezi wa Januari 2025, kisha Goma, na mwezi wa Machi Walikale-Centre, ambako waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Mapigano katika wilaya hizo mbili yalikuwa hayajaisha Léopards waliposhuka Rabat mwezi wa Novemba kwa mchujo wa Kombe la Dunia, kombe ambalo wakati huo Congo ilikuwa imelicheza mara moja tu, mwaka 1974, ikiitwa Zaïre.

Tarehe 13, mbele ya Cameroon, dakika 90 ziliisha bila goli. Katika dakika za nyongeza Mbemba akafunga, 1-0. Siku tatu baadaye Nigeria nayo ikapelekwa kwenye penalti baada ya sare ya 1-1. Penalti ya mwisho ya Congo, ile ya kuamua, aliipiga kapiteni: 4-3.